Mpira Unaochelewa

Mhadhara kwa walimu wa michezo na wazazi, Himo, Kilimanjaro



Nimeombwa nizungumzie mtupo mmoja tu wa softiboli. Msishangae mtu kupewa saa nzima kwa mtupo mmoja; ningepewa saa mbili ningezimaliza. Ni ule mtupo ambao binti anazungusha mkono kwa nguvu zake zote, mguu umechimba ardhi, uso umekunjamana, kila kitu mwilini mwake kinasema mpira unakuja kwa kasi, kisha mpira unatoka polepole. Mpigaji anazungusha rungu mapema, anakata upepo, anabaki amejizonga miguu. Wamarekani wanauita chenjiapu. Mimi nitasema mpira wa kuchelewa, na mtanielewa.

Nitaje mapema ninachodai, ili anayetaka kunipinga apate muda wa kujiandaa. Mpira huu hauwashindi mabinti wetu kwa ugumu wake. Unawashinda kwa sababu sisi tunaowafundisha tunadai straiki, yaani mpira uliopita sawasawa mbele ya mpigaji, kabla ya wakati. Tukirekebisha hilo, mengine ni mazoezi.

Historia nitaipita haraka. Softiboli ilianzia Chicago mwaka 1887, ndani ya ukumbi, kwa watu waliotaka kucheza kitu kinachofanana na besiboli wakati wa baridi. Kanuni ya kurusha mpira kwa chini, mkono ukipita pembeni mwa nyonga, ndiyo iliyoupa mchezo sura yake hadi leo. Wanawake waliucheza kwenye Olimpiki kuanzia Atlanta 1996 hadi Beijing 2008, ukaondolewa, ukarudi katika michezo ya Tokyo iliyochezwa 2021, na umo tena kwenye ratiba ya Los Angeles 2028.

Huku kwetu umekuja ukiongozana na ndugu yake, besiboli. Mwaka 2012 Mjapani Shinya Tomonari, aliyewahi kuinoa timu ya taifa ya Ghana, alianza kuwafundisha wanafunzi besiboli jijini Dar es Salaam, na Shule ya Sekondari Azania ikawa mojawapo ya vitovu vyake. Dar es Salaam sasa ina uwanja uliopewa jina la Koshien, jina la uwanja wa Japani ambako vijana wa sekondari hushindana kila mwaka huku nchi nzima ikitazama. Michezo yote miwili iko chini ya chama kimoja, TaBSA. Na msidhani mlima wetu uliachwa nyuma: Shule ya Sekondari Sanya Juu, hapo Siha, imewahi kupeleka timu yake kwenye mashindano ya kitaifa ya besiboli. Majirani zetu Waganda wako mbele zaidi. Watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto kule Williamsport, Marekani, mwaka 2012, na mwaka 2015 timu nyingine ya Uganda ikaifunga Jamhuri ya Dominika mabao 4 kwa 1. Jamhuri ya Dominika, nchi ambayo mtoto huzaliwa na glavu! Kwa hiyo tusiambiane kwamba mchezo huu ni wa watu wengine.

Tuingie kazini.

Mpigaji anafanya nini hasa? Wengi wanadhani anatazama mpira hadi unapofika, kisha anaupiga. Haiwezekani, muda hautoshi. Anafanya kile ambacho kila mtu wa Himo anakifanya pale Njia Panda akitaka kuvuka barabara huku lori la Holili linakuja. Hapigi hesabu. Anatupa jicho mara moja, anakisia mwendo, mwili unaamua, na akishaingia barabarani ameshaingia. Mpigaji naye hutazama mwili wa mrushaji na sehemu ya kwanza ya safari ya mpira, anakisia, anaanza kuzungusha rungu, na akishaanza hawezi kurudi kwa urahisi. Mrushaji wa besiboli wa Marekani Warren Spahn, aliyeshinda mechi 363, ndiye anayesifiwa kwa kulisema wazo hili waziwazi: kazi ya mpigaji ni kupatia wakati, kazi ya mrushaji ni kuuvuruga wakati huo.

Sasa niwape tarakimu, maana hapa ndipo walimu wa fizikia hukaa vizuri kwenye viti vyao. Wanawake wakubwa hurusha kutoka mita 13.1. Mabinti wadogo husogezwa, tuseme mita 12.2. Binti anapiga hatua ndefu mbele kabla ya kuachia mpira, kwa hiyo safari yenyewe ya mpira ni kama mita 10.7. Akirusha kwa kilomita 70 kwa saa, ambao ni mwendo wa kuridhisha kwa mtoto wa miaka 13 au 14, mpira unafika kwa sekunde 0.55. Akirusha kwa kilomita 55, unafika kwa sekunde 0.70. Tofauti ni sekunde 0.15. Mtasema ni kitu gani hicho, hata kupepesa jicho hakutoshi. Lakini rungu lenyewe kuanzia linapoanza kuzunguka hadi kukutana na mpira linatumia muda wa aina hiyohiyo. Yaani mpigaji aliyejipanga kwa mpira wa kasi atakuwa amemaliza kuzungusha wakati mpira wa kuchelewa uko bado njiani kwa zaidi ya mita mbili.

Kuna tarakimu ya pili, na hii ndiyo inayoeleza machozi yote ya mazoezini. Mpira ukiwa hewani unavutwa chini muda wote. Kwa sekunde 0.55 unashuka karibu mita moja na nusu kutoka kwenye mstari ulioelekezwa. Kwa sekunde 0.70 unashuka mita 2.4. Kwa hiyo binti akirusha mpira wa kuchelewa kwa mwelekeo uleule wa mpira wa kasi, utafika karibu sentimita 90 chini zaidi. Mpira wa kasi uliokuwa uingie usawa wa kiuno, ule wa kuchelewa utapiga vumbi mbele ya kibao cha nyumbani, kile ambacho mpigaji husimama pembeni mwake. Si kosa la binti. Si uzembe. Ni dunia inavuta.

Mwone sasa kinachotokea. Binti anajaribu mara ya kwanza, mkono wake mzuri, mwendo mzuri, mpira unapiga vumbi. Mwalimu anasema, "Chini mno! Inua!" Anajaribu tena, anachelewa kuuachia, mpira unapita juu ya kichwa cha mdakaji na kwenda kugonga ukuta wa choo cha shule. Wenzake wanacheka. Mwalimu anasema, "Tulia, lenga." Na hilo neno, lenga, ndilo linaloharibu kila kitu. Kwa sababu binti mwenye akili timamu akiambiwa alenge anafanya jambo la busara kabisa: anapunguza kasi ya mkono. Anausindikiza mpira. Mpira unaingia vizuri, straiki, mwalimu anapiga makofi. Na kuanzia siku hiyo binti ana mpira wa polepole ambao kila mpigaji anauona unakuja tangu mkono uko juu ya kichwa. Huo si mpira wa kuchelewa. Huo ni mpira wa kupigwa.

Ndiyo maana nasema kwa wiki za mwanzo mwalimu akae na jambo moja tu: mkono usipungue kasi. Mpira uende popote unapotaka.

Nitaeleza jinsi ya kufika huko, na nitasimama kirefu hapa kuliko mahali pengine.

Kwanza, nani afundishwe? Yule ambaye mpira wake wa kasi umeshakaa. Kipimo changu si cha kitaalamu sana: katika mipira kumi, kama sita inaingia sehemu ya straiki bila kuhangaika, yuko tayari. Kabla ya hapo unampa mtoto vitu viwili vya kuchanganya wakati hata kimoja hajakishika. Lakini akishafika hapo usimcheleweshe kwa kumfundisha kwanza mipira ya kupinda. Mpira wa kuchelewa haumdai kulazimisha kiwiko wala kifundo cha mkono kuviringika kwa nguvu, na ndiyo maana makocha wengi huuweka kuwa mtupo wa pili kufundishwa, baada ya ule wa kasi.

Pili, mshiko. Mpira wa kasi unapata mwendo wake wa mwisho kutoka kwenye ncha za vidole: mkono ukipita nyonga, kifundo kinakunjuka na vidole vinausukuma mpira kwa mara ya mwisho. Siri ya mpira wa kuchelewa ni kuuondoa msukumo huo bila kugusa kitu kingine. Ziko njia kadhaa. Unaweza kuuzamisha mpira ndani ya kiganja hadi vidole visiwe na kazi. Unaweza kutengeneza duara kwa kidole gumba na cha shahada, mpira ukabaki kwa vidole vitatu vilivyobaki. Unaweza kuukandamiza kwa mafundo ya vidole viwili au vitatu badala ya ncha zake. Na iko njia ya kugeuza mkono kabisa, mgongo wa kiganja ukatangulia kumwelekea mpigaji, mpira ukateleza kutoka upande wa pili. Wachezaji wa kriketi waliopo humu watatabasamu, kwa sababu nao wanao mtupo wao wa aina hiyo.

Ipi ni bora? Makocha wanagombana. Mimi nina upande wangu. Kwa binti anayeanza, kiganja. Mpira wa softiboli ni mkubwa, ule wa watoto una mzunguko wa sentimita 28 hivi na wa wakubwa zaidi ya 30, na mkono wa mtoto wa miaka 12 ni mdogo. Kuuzamisha kiganjani ni jambo analoliweza leo hii. Duara linataka vidole virefu, nami sioni faida ya kumtesa mtoto kwa vidole ambavyo Mungu bado anaendelea kuvirefusha. Njia ya mgongo wa kiganja ndiyo yenye hila kubwa kuliko zote, kwa sababu mkono unaweza kwenda kwa kasi yote bila mpira kupata kasi hiyo. Lakini inataka binti aliyekwisha kucheza msimu mzima au zaidi. Akiinua mkono kidogo tu mwishoni mpira unapanda usawa wa kifua, na mpira wa polepole usawa wa kifua ni zawadi ya sikukuu kwa mpigaji.

Tatu, vifaa. Najua swali linalokuja: mwalimu, mipira yenyewe iko wapi? Shule nyingi hazina hata mmoja. Nakubali. Lakini kwa kazi ya mwezi wa kwanza huuhitaji. Chukueni soksi, jazeni vitambaa, fungeni kwa kamba ya katani hadi uwe mviringo wenye ukubwa wa mpira wa softiboli. Ukubwa ndio muhimu, kwa sababu mshiko ndio tunaoufundisha. Mpira wa tenisi haufai, unapotea ndani ya kiganja na kumfundisha uongo. Uzito ukikaribia gramu 170, vizuri zaidi. Mwenye mzani wa duka la jirani atawapimia. Tandazeni turubai kwenye goli la uwanja wa shule. Binti asimame hatua sita au saba kutoka hapo, arushe kwenye turubai. Hakuna kibao, hakuna mdakaji, hakuna alama ya kulenga. Turubai ni kubwa. Popote mpira utakapogusa ni sawa. Arushe mmoja wa kasi, mmoja wa kuchelewa, kwa kupokezana, na mwalimu asitazame mpira kabisa. Atazame bega, atazame mguu wa mbele unapotua, na asikilize. Mkono unaozunguka vizuri hupita karibu na nyonga, na sehemu ya mkono iliyo chini ya kiwiko hugusa nguo. Mgusano huo una sauti yake. Sauti ya mpira wa kasi na ya ule wa kuchelewa zikitofautiana, mkono umepungua.

Mabinti wetu, tena, hawaanzi na sifuri. Nani kati ya akina mama waliomo humu hakucheza rede? Wawili wanarusha kutoka pande mbili, mmoja yuko katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku anakwepa mpira. Kila mrushaji wa rede mwenye sifa mtaani anajua kuzuga: anavuta mkono kama anayeua, yule wa katikati anaruka mapema, mpira unatoka mwepesi na kumkuta anapotua. Hakuna mwalimu aliyewafundisha. Nimeona mabinti wasiowahi kushika glavu wakielewa mpira wa kuchelewa baada ya kuambiwa sentensi moja, "Fanya kama kwenye rede," na nimeona wengine wakichanganyikiwa kwa maelezo marefu ya vifundo na nyuzi za pembe. Anzeni na rede. Hizo tarakimu nilizowapa ni zenu walimu, si za mtoto.

Nne, kipimo. Kama una simu yenye kamera, unayo mashine ya kupima mwendo. Simu za kawaida hurekodi picha 30 kwa sekunde. Rekodi kutoka pembeni, halafu hesabu picha kuanzia mpira unapotoka mkononi hadi unapofika kwenye kibao. Kwa tarakimu zetu za awali, mpira wa kasi utakula picha 16 au 17, wa kuchelewa 21. Zikiwa 17 na 18, mshiko hauondoi kasi ya kutosha. Mpigaji atachelewa kidogo tu kugundua na bado ataugonga. Zikiwa 17 na 27, tofauti imezidi: mpira huo lazima utupwe kwa upinde mkubwa ili ufike, na upinde unaonekana na kila mtu, hata na bibi aliyekaa chini ya mwembe. Kupungua kwa kama robo ya kasi kunatosha. Kisha tumia simu hiyohiyo kuhesabu jambo la pili, na hili ndilo kubwa: picha kuanzia mkono unapoanza kushuka kutoka juu hadi unapoachia mpira. Hapo pasiwe na tofauti yoyote.

Kama simu haipo, tumieni macho ya mabinti wenzake. Mweke mmoja mahali pa mpigaji, bila rungu, na kazi yake ni kupiga kelele "kasi!" au "chelewa!" kabla mpira haujatoka mkononi. Akipatia mara nyingi, kuna kitu anakiona. Muulizeni ni kipi. Watoto ni majasusi hodari. Watakwambia ananyanyua bega, anatoa ulimi, anashusha pumzi, anautazama mpira ndani ya glavu kabla ya kuushika. Hilo la glavu ni ugonjwa wa kawaida sana, na dawa yake ni rahisi: kila mara, hata akitaka kurusha wa kasi, aanze kwa kushika mshiko wa kuchelewa ndani ya glavu, kisha abadilishe. Hivyo mwendo wa vidole hauwi habari kwa mtu yeyote, hasa yule kocha mjanja wa timu pinzani anayesimama karibu na besi ya tatu akijifanya anapiga makofi.

Baada ya wiki kadhaa za turubai, mkono ukiwa umeshakubali kuwa hauruhusiwi kupungua, ndipo mpira unapoletwa chini ya sheria. Na hapo msifundishe kwa kusema inua au shusha. Mwekeeni kamba mbili kati ya nguzo, moja usawa wa goti na nyingine usawa wa paja, karibu na kibao, na mwambieni apitishe katikati. Mwili utatafuta wenyewe mahali pa kuachia mpira. Tena afadhali uwe chini kuliko juu. Wa chini ukikosea unapiga vumbi. Wa juu ukikosea unapigwa mpaka barabara ya Marangu.

Sasa nimzungumzie mtu ambaye huwa hatajwi: mdakaji. Fikirieni mchezaji wa timu pinzani yuko besi ya tatu. Mrushaji anajua mpira wa kuchelewa unaweza kudunda mbele ya kibao, na ukimpita mdakaji yule wa besi ya tatu ataingia nyumbani. Je, atarusha? Atarusha kama anajua kuwa mwenzake atapiga magoti, ataweka kifua mbele ya mpira na kuuzuia. Asipojua hivyo atausindikiza ule mpira, na tumerudi kwenye kilio chetu cha mwanzo. Ushujaa wa mrushaji uko kwenye magoti ya mdakaji. Nawaomba walimu wenye mazoezi ya saa moja watoe robo saa kwa mdakaji peke yake, avae kinga zote, arushiwe mipira ya kudunda mpaka aizoee. Na huyo mdakaji ndiye awe anaomba mtupo kwa ishara, si mwalimu kupaaza sauti kutoka pembeni. Yeye yuko karibu na miguu ya mpigaji na anaona ni nani anaharakisha.

Kuhusu wakati wa kuutumia nitasema machache. Mpigaji aliyegonga mpira wako wa kasi ukatoka nje upande wa mbele, yaani alikuwa mapema, mpe wa kuchelewa. Mpigaji aliyezoea kuanza kwa hamu mpira wa kwanza, mpe wa kuchelewa mwanzoni kabisa. Lakini yule binti mwembamba wa mwisho kwenye orodha, ambaye kila mpira wa kasi unampita ndipo anazungusha, usimpe. Utakuwa umemsaidia. Umemletea mpira kwa mwendo ule hasa anaouweza. Nimeona timu ikipoteza mechi kwa ujanja wa namna hiyo, mrushaji anataka kuonyesha alichojifunza, mpigaji dhaifu kuliko wote anaondoka amechekelea.

Kuna swali la bega, ambalo wazazi hupenda kuuliza pembeni baada ya mhadhara. Afadhali nilijibu hapa. Imezoeleka kusema kwamba kurusha kwa chini hakuumizi, kwa hiyo binti anaweza kurusha kila siku. Si kweli. Mkono unaozunguka duara kamili unalibebesha bega mzigo mkubwa, pamoja na msuli wa mbele wa mkono, na mabinti huumia kwa kurushishwa kupita kiasi. Kuna kisa kinachosimuliwa sana. Mjapani Yukiko Ueno, Beijing 2008, alirusha mipira 413 ndani ya siku mbili, Japani ikaifunga Marekani 3 kwa 1 na kuchukua dhahabu. Miaka 13 baadaye, akiwa na umri wa miaka 39, alisimama tena kwenye fainali ya Olimpiki, na Japani ikaifunga Marekani 2 kwa 0. Ni ajabu, na ninamvulia kofia. Lakini kisa hicho kisitumiwe na mwalimu yeyote kumwambia mtoto wa darasa la saba aendelee kurusha wakati bega linauma. Ueno alikuwa mtu mzima, na ile ilikuwa fainali ya Olimpiki. Yetu ni Jumamosi asubuhi. Timu iwe na warushaji watatu, si mmoja. Na mpira wa kuchelewa, kwa kuwa unashinda kwa hila, unampa binti njia ya kumtoa mpigaji bila kutafuta kasi ambayo mwili wake hauna bado.

Nimalizie na wazazi, kwa sababu wamekuja wengi kuliko nilivyotegemea na wengine wameacha soko. Mama, baba, utakuja siku moja kumtazama binti yako. Umefunga duka, umepanda bodaboda kutoka Uchira au Kilema, umesimama juani. Atazungusha mkono, utavimba kifua, na mpira utatoka polepole, utadunda vumbini mara mbili na kujiviringisha hadi miguuni pa mdakaji. Watu watacheka. Jirani yako atakugeukia na kusema, "Huyu wa kwako hajala?" Utajisikia kumwita na kumwambia arushe kama wenzake. Nakuomba unyamaze. Mtazame mkono. Kama mkono umekwenda kwa kasi ileile, mtoto wako amefanya sawasawa alichofundishwa, na mpira utakuja kunyooka mwezi ujao au unaofuata. Kama una neno la kumwambia mkirudi nyumbani, mwulize kama alimwona mpigaji alivyoruka.

Nanyi walimu: katika kipindi cha kwanza cha mashindano ya kirafiki, msihesabu straiki za mpira wa kuchelewa. Andikeni kwenye daftari jambo moja tu, ni mara ngapi aliurusha bila kupunguza mkono. Msimtoe mrushaji uwanjani kwa sababu mpira huo ulidunda, hata kama umeingiza bao. Mtoeni akichoka, mtoeni bega likiuma, mtoeni akikosa adabu kwa mwamuzi. Kwa mpira wa vumbini, mwacheni arushe mwingine.